UZI: Cheti cha uaminifu, ama vile vita viliandika daftari letu la wapiga kura

1. Kila uchaguzi ukikaribia kuna sentensi moja hurudi kama mvua ya Aprili: "Hao wachujwe kwanza kabla wapewe kura." Leo inaelekezwa kwa watu wa mpakani, kesho kwa wakaazi wa mtaa fulani, kesho kutwa kwa wale "walioletwa na basi usiku." Anayeisema hubadilika na anayesemwa hubadilika, lakini sentensi ni ileile. Uzi huu unafuata ilikotoka.

2. Sheria za nyumba: hapa sitaji mwanasiasa wala chama. Ukija kuangalia nimempiga nani vijembe, utarudi na njaa yako. Niko mwaka wa tatu, nasoma sayansi ya siasa, na kazi yangu ya utafiti muhula huu ni vita na uchaguzi Kenya. Nitakupa tarehe, sheria na matokeo. Hukumu ni yako.

3. Tukisikia "vita na uchaguzi", wengi tunaona picha ya bunduki kwenye kituo cha kura. Lakini hapa kwetu vita viligusa uchaguzi mapema zaidi, mezani, pale karani alipoandika jina lako ama alipokataa kuliandika. Na karatasi iliyozaliwa vitani huishi miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Sasa nionyeshe.

4. Tuanze na kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma, akining'iniza shingoni. Ilisema yeye ni nani, anamfanyia nani kazi, na analipwa ngapi. Kazi yake kubwa ilikuwa kumsaidia mwajiri na polisi kumpata aliyetoroka.

5. Wakati huohuo, walowezi wa Kizungu walianza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920. Mwafrika wa kwanza aliingia baraza hilo 1944, na hata huyo hakuchaguliwa na mtu. Aliteuliwa na Gavana. Shika huyo mjumbe wa 1944 akilini, tutakutana naye tena.

6. Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Wanaume kutoka Kenya walipigana Abyssinia na Burma wakiwa na sare ya Mfalme wa Uingereza. Walirudi nyumbani wakakuta hawana kura, na ile ardhi nzuri ya nyanda za juu bado ni ya walowezi. Baadhi ya waliopigana Burma ndio hao baadaye waliingia msituni Aberdare na Mlima Kenya, na mbinu za vita walikuwa nazo tayari.

7. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana alitangaza hali ya hatari. Wazee wetu huiita Emajensi. Viongozi wa siasa walikamatwa usiku huohuo. Chama kikuu cha Waafrika wakati huo kilipigwa marufuku Juni 1953. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil: jeshi na polisi walizingira Nairobi, wakakagua mtaa kwa mtaa, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambini ama wakarudishwa mashambani.

8. Huo ukaguzi ulikuwa hivi. Watu wanapitishwa kwa mstari mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, umeenda. Humjui ni nani, hujui amesema nini, na huna pa kumjibu. Kumbuka hiyo picha kila ukisikia mtu akisema "kuchuja" kana kwamba ni kuchuja chai.

9. Mashambani, kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Wanaume makumi ya maelfu walikuwa kizuizini. Na wakati huohuo serikali ilikuwa inapima na kuunganisha mashamba Mkoa wa Kati. Wewe uko kambini, kamati inakaa kijijini kuamua shamba lako liko wapi na lina ukubwa gani. Hiyo ndiyo hali nchi ilikuwamo serikali ilipoanza kupanga uchaguzi wa kwanza wa Waafrika.

10. Ndiyo, umesoma vizuri. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kwenye Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957, Emajensi ikiwa bado inaendelea. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kama wiki tatu baadaye, Waafrika wengine walikuwa kwenye foleni ya kupiga kura. Hiyo kalenda peke yake ni somo.

11. Viti vilikuwa vinane kwa Waafrika wote. Wazungu, ambao hawakufika hata laki moja nchini, walikuwa na wajumbe 14 wa kuchaguliwa. Waafrika walikuwa mamilioni. Lakini tusikwame kwa idadi ya viti. Angalia nani aliruhusiwa kuingia kwa daftari, maana mchezo wenyewe ulikuwa hapo.

12. Serikali ilikuwa imemtuma afisa wake mmoja achunguze Waafrika wachaguliwe vipi. Ripoti ilitoka mwanzoni mwa 1956. Ilipendekeza kura isiwe ya kila mtu mzima. Ilitolewa kwa sifa: kiwango cha masomo, mapato ama mali, utumishi wa muda mrefu, kazi ya jeshi ama polisi, nafasi ya uzee kwenye jamii, na kadhalika. Ukiwa na sifa zaidi, unapata kura zaidi, mpaka kura tatu kwa mtu mmoja.

13. Hebu tulia hapo. Mwalimu mwenye mali na utumishi mrefu anaweza kupiga kura tatu. Jirani yake anayelima na hakusoma hana hata moja. Waliotetea mpango huu walisema demokrasia inahitaji mtu aliyekomaa. Ukisikia leo mtu akilalamika kwamba "kura ya profesa na kura ya mlevi haziwezi kuwa sawa", jua hilo wazo lilishajaribiwa hapa, likaandikwa kwenye sheria, na tukaliacha kwa sababu.

14. Sasa ndiyo tunafika kwenye kiini. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti la ziada. Hata ukiwa na sifa zote, ulihitaji cheti cha uaminifu. Cheti hicho kilitoka kwa mkuu wa wilaya, yule DC wa mzungu, na DC alisikiliza machifu na viongozi wa walinzi wa kijiji, ambao Wakikuyu waliwaita ngati. Bila cheti, hakuna kura.

15. Ili tuwe waadilifu, tusikie upande wao. Serikali ilisema: tuko vitani, watu wameuawa, wengine ni machifu na familia za watu waliokataa kiapo. Unawezaje kumpa kura mtu ambaye jana alikuwa anapeleka chakula msituni? Hoja hii haikuwa ya kijinga. Damu ilikuwa imemwagika kweli, Kikuyu kwa Kikuyu, ndugu kwa ndugu. Mtu wa kawaida aliyepoteza baba angeikubali.

16. Tatizo lilianza pale uaminifu ulipohitaji kupimwa. Unaupima na nini? Hauna mizani. Kwa hivyo ulipimwa kwa ushuhuda wa wenye nguvu kijijini. Wanahistoria wameonyesha jinsi mashtaka ya wakati huo yalivyochanganyika na ugomvi wa zamani: mpaka wa shamba, deni, mahari, wivu wa ukoo. Kuna waliokula kiapo na bado wakawa upande wa serikali kwa sababu walibadilika mapema. Kuna ambao hawakushika hata panga, lakini chifu hakuwapenda.

17. Na cheti hakikuwa cha kura peke yake. Uaminifu uliokubaliwa na serikali ulifungua milango mingine: kusafiri bila kusumbuliwa, kuepuka kodi maalum iliyotozwa jamii hizo, nafasi nzuri kwenye biashara na mashamba. Kura ikawa sehemu ya zawadi za vita. Aliyeshinda vita kijijini ndiye huyohuyo aliyepata shamba, leseni na sauti kwenye sanduku la kura.

18. Matokeo? Nchi nzima waliojiandikisha walikuwa laki moja na ishirini na kitu elfu. Mkoa wa Kati wote ulipewa kiti kimoja, na sehemu kubwa ya walioandikishwa huko ilitoka Meru, ambako vita havikuwa vikali kama Kiambu, Murang'a na Nyeri. Kiti kikaenda kwa mgombea wa Meru. Aliyeshindwa ni yule mjumbe wa kwanza wa 1944. Simdharau mshindi, alishinda kwa sheria iliyokuwepo. Lakini daftari lilishaamua mengi kabla ya kampeni.

19. Nairobi nayo, baada ya Anvil, haikuwa Nairobi ya 1952. Wapiga kura waliobaki walikuwa wachache mno, na wagombea wawili waliopambana vikali zaidi wote walikuwa na asili ya Nyanza. Sisemi kwamba hawakustahili. Nasema jiji lilikuwa limechujwa miaka mitatu kabla ya kura, kwa gunia lenye matundu mawili.

20. Halafu kuna vyama. Juni 1955 serikali iliruhusu Waafrika kuunda vyama tena, lakini vya wilaya tu. Chama cha nchi nzima hapana. Na Mkoa wa Kati hata hivyo vya wilaya havikuruhusiwa, isipokuwa baraza la ushauri la waaminifu. Zuio la vyama vya kitaifa lilidumu mpaka 1960.

21. Kwa hivyo mwanasiasa Mwafrika wa miaka hiyo alifundishwa kazi akiwa ndani ya wilaya yake. Alijenga jina huko, akatafuta pesa huko, akahutubia kwa lugha ya huko. Miaka mitano ya kwanza ya siasa za kura ilipita hivyo. Halafu leo tunaulizana kwenye vipindi vya televisheni, tukishangaa kabisa, eti kwa nini vyama vyetu vina harufu ya eneo. Sheria ya vita haielezi kila kitu, na sisi wenyewe tumeongeza yetu. Lakini msingi ulichimbwa hapo.

22. Na je, mchujo ulileta kile serikali ilitaka? Ilitaka Waafrika wapole, wa kusema "ndiyo bwana." Wale wanane walipoingia, waliungana, wakakataa nafasi za uwaziri, wakasema katiba ile ni batili na wanataka viti zaidi. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika viliongezwa mpaka 14. Yaani serikali ilichuja wapiga kura kwa uaminifu, na bado haikupata utiifu iliouwinda.

23. Emajensi iliondolewa Januari 1960, baada ya zaidi ya miaka saba. Uchaguzi wa 1961 ulipanua daftari sana, lakini bado kulikuwa na masharti ya kusoma, umri ama mapato. Sheria pia ilimzuia mtu aliyefungwa zaidi ya miaka miwili kugombea, na hiyo ilimgusa kiongozi maarufu zaidi wa wakati huo. Mei 1963 ndipo tulipopata kura ya kila mtu mzima. Desemba 12, uhuru.

24. Ungetarajia uzi uishe hapo na wimbo wa taifa. Haukuisha. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza ilizunguka ile iliyoitwa Northern Frontier District ikauliza wakaazi wanataka nini. Iligundua kwamba wengi, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Uingereza ilitangaza kwamba eneo hilo litabaki Kenya, likiwa na mkoa wake. Wasomali wengi wakasusia uchaguzi wa Mei 1963.

25. Mwishoni mwa Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera kupanda, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta vilianza. Na mbinu zilikuwa zipi? Kuhamisha watu kwenye vijiji vya ulinzi. Kuwanyang'anya mifugo. Kuzuia watu kwa sheria za dharura. Ni kitabu kilekile cha 1954, jalada ndilo lilibadilishwa. Makubaliano na Somalia yalifikiwa Arusha mwaka 1967.

26. Vita viliisha, sheria hazikuisha. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyofanya wakati wa vita hivyo Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Na zile sheria za dharura za Kaskazini Mashariki zilifutwa 1991. Piga hesabu: 1963 mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Wajir siku ya kwanza alifikia umri wa kupiga kura kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria sawa na ya mtu wa Nakuru.

27. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali waende kupigwa msasa. Walikaa mbele ya kamati, wakaulizwa ukoo, baba, babu, malisho ya familia. Waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Soma tena namba 14. Jamii fulani, karatasi ya ziada, kamati inayoamua. Sasa DC alikuwa Mwafrika mwenzetu.

28. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, kijana wa Garissa, Mandera ama Wajir aliyetaka kitambulisho alipitia kamati ya msasa ambayo kijana wa Nyahururu hakuijua. Na bila kitambulisho, huandikishwi kupiga kura. Hakuna aliyemwambia huwezi kupiga kura. Aliambiwa arudi wiki ijayo, halafu alete babu yake, halafu alete hati ya babu. Uchaguzi ukapita.

29. Na kama unadhani hili ni jambo la waliochukua silaha dhidi ya serikali tu, waangalie Wanubi wa Kibra. Babu zao waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Waingereza. Walipigania dola, wakapewa mahali pa kukaa Kibra. Wajukuu wao, waliozaliwa hapa na wazazi wao wakazaliwa hapa, walipitishwa kwenye kamati za msasa kutafuta kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Babu alitumikia jeshi, na mjukuu bado aliulizwa yeye ni wa wapi.

30. Februari 2025 serikali ilitangaza kuondoa huo msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Mjadala ukawaka. Upande mmoja: haki imechelewa miaka sitini. Upande mwingine: huu ni mtego wa kura za 2027, na mpaka uko wazi, wasio raia watapenya. Nimesoma hoja za pande zote na sitaki kucheka upande wowote. Hofu ya kitambulisho kununuliwa ni hofu halali. Raia ana haki kujua daftari lake ni safi.

31. Lakini historia inatusaidia kutenganisha vitu viwili tunavyovichanganya jukwaani. Uraia ni jambo la ukweli: ulizaliwa wapi, wazazi wako ni raia wa wapi, una hati gani. Unaweza kuuthibitisha kwa ushahidi, na ukikataliwa unaweza kwenda mahakamani. Uaminifu ni maoni ya mtu mwingine juu yako. Hauna hati isipokuwa ile anayoamua kukupa yeye.

32. Kuuliza uraia kwa kila mtu kwa kipimo kimoja, hiyo ni kazi ya serikali. Kuuliza uaminifu kwa jamii moja tu, hicho ni cheti cha 1957, hata kikiitwa usalama wa taifa. Na huanza hivyohivyo: sauti ya busara, sababu ya kweli, maiti za kweli. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mkoa wa Kati uliuonja miaka ya hamsini, Kaskazini Mashariki miaka ya sitini, na hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba zamu yake haiji.

33. Swali ambalo huja kila mara: "Je, serikali inaweza kutumia vita kuahirisha uchaguzi?" Katiba ya 2010 inajibu. Kifungu cha 102: Kenya ikiwa vitani, muda wa Bunge unaweza kuongezwa, lakini kwa thuluthi mbili ya wabunge wote katika kila Bunge, Seneti na Bunge la Taifa. Kila nyongeza isizidi miezi sita, na zote pamoja zisizidi miezi kumi na miwili. Mwaka mmoja, basi.

34. Kifungu cha 58: hali ya hatari haiwezi kupita siku 14 bila Bunge la Taifa. Nyongeza ya kwanza inahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, zinazofuata robo tatu, na kila moja isizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Weka hizo siku 14 kando ya miaka saba ya Emajensi na miaka karibu 28 ya Kaskazini Mashariki. Kila namba kwenye kifungu hicho ina kaburi lake mahali fulani.

35. Na kifungu cha 83, ambacho kinafaa kubandikwa kwa mlango wa kila kituo cha kuandikisha: unastahili kuandikishwa kama wewe ni raia mtu mzima, huna ugonjwa wa akili uliothibitishwa, na hukupatikana na hatia ya kosa la uchaguzi kwa miaka mitano iliyopita. Ni hayo tu. Hakuna masomo, hakuna mali, hakuna kura tatu. Neno "uaminifu" halimo.

36. Basi msimu huu, ukimsikia mtu jukwaani akisema "hao wachujwe", mtu wako ama wa upande ule mwingine, muulize maswali manne. Moja: wachujwe kwa kosa gani lililo kwenye sheria? Mbili: kipimo hicho kitatumika kwa kila kaunti ama kwa hao tu? Tatu: nani anaamua, na jina lake linajulikana ama amevaa gunia? Nne: aliyekataliwa anakata rufaa wapi, na itasikizwa kabla ya siku ya kura?

37. Akijibu yote manne vizuri, msikize, huenda ana hoja. Akikwama hapo kwa la tatu, tayari umejua anauza nini.

38. Jambo la mwisho. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa na serikali ya Kenya mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Uingereza ilikubali 2013 kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa. Wengi wao waliishi miaka 40 ya kwanza ya uhuru wakipiga kura kama raia, huku kisheria walichopigania kikiitwa kundi haramu. Karatasi huchelewa sana kusamehe. Ndiyo maana tuwe waangalifu na zile tunazoandika leo.

39. Kama hujajiandikisha, enda ukajiandikishe. Kama una jirani anazungushwa na kitambulisho, mwandamane hadi ofisini, uulize sababu kwa maandishi. Mwenye swali ama tarehe ya kunisahihisha, karibu chini. Mwenye matusi, foleni ya hiyo iko kwingine.